Pakiti Tupu ya Maziwa Iende Wapi?

Mwezi huu ukurasa wa afya hauongei juu ya kofia ya kazi wala juu ya mavumbi ya mawe. Unaongea juu ya kitu kidogo ambacho mtu hakihesabu kuwa hatari: pakiti tupu ya maziwa ao ya juisi, ile ambayo wengine wanaiita karto.

Zamani kitu hiki hakikuonekana sana kwetu. Maziwa ya Masisi yalitembea ndani ya bidoni, toka malishoni mpaka sokoni, na hata leo mengi yanatembea hivyo. Lakini sasa maduka ya Goma, ya Sake na ya Masisi yanauza pia maziwa na juisi za pakiti zinazotoka Rwanda, Uganda na Kenya. Hata Walikale, ambako bidhaa nyingi zinafika kwa pikipiki ao kwa ndege, utazikuta kwenye rafu pamoja na sukari na sabuni. Mtoto anaenda masomo na pakiti yake, anakunywa kwa dakika mbili, anaitupa nyuma ya darasa. Maziwa yamekwisha. Pakiti inabaki miaka.

Sababu gani haiozi kama karatasi nyingine? Ipasue moja, utazame ndani. Nje utaona karatasi ngumu yenye rangi. Ndani yake kuna ngozi nyembamba inayong'aa kama sahani mpya: hiyo ni alumini. Tena juu ya karatasi na juu ya alumini kumepakwa plastiki, ili maji yasipite. Kwa uzito, karibu robo tatu ya pakiti ni karatasi, sehemu moja ya tano ni plastiki, na kilichobaki, kama asilimia 5, ni alumini. Pakiti za namna hii zilianza Sweden, mjini Lund, ambako Ruben Rausing alianzisha kampuni ya Tetra Pak mwaka 1951. Karatasi inaipa nguvu, plastiki inazuia maji, alumini inazuia mwanga na hewa. Maziwa yenyewe yanapashwa moto mkali sana, karibu digri 140, kwa sekunde chache tu, halafu yanafungwa bila kuguswa na hewa ya nje. Ndiyo maana yanakaa miezi bila frigo. Kwa mtoto anayeishi mbali na ng'ombe na mbali na umeme, ni kitu kizuri, na siwaambii muache kukinunua.

Lakini ubora huo ndio unaotupa shida. Kitu kilichotengenezwa ili hewa na maji visiingie, hakitakubali kuoza kwa sababu umekifukia.

Basi watu wanafanya nini nayo? Wengi wanafanya moja kati ya mambo matatu: wanaichoma, wanaitupa mferejini, ao wanaitia katika shimo la takataka.

Tuanze na moto. Mama, ninajua sababu unaitia ndani ya mbabula. Makala yamenyeshewa, bei ya gunia imepanda, na pakiti inashika moto upesi kuliko kipande cha karatasi. Lakini kinachowaka pale si karatasi peke yake, ni plastiki pia, na moto wa mbabula si mkali wa kutosha kuimaliza plastiki. Unatoa moshi mweusi wenye chembe ndogo sana zinazoingia mpaka chini kabisa ya mapafu, na pamoja nao hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ile inayoua watu waliolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Na nani yuko karibu zaidi na moshi ule? Ni mama mwenyewe anayepuliza moto, na mtoto aliye mgongoni mwake. Kule dispanseri kikohozi cha watoto wadogo kinatuletea kazi kila siku ya mvua. Baba naye, kama amevuta mavumbi ya mawe mchana kutwa, kifua chake hakina nafasi ya moshi mwingine jioni. Na pakiti mara nyingi haichomwi peke yake. Inachomwa pamoja na sashe, viatu vya plastiki, vipande vya waya wa umeme na ngozi za betri. Mchanganyiko huo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu plastiki ya waya ikiungua inatoa sumu ambazo mwili haujui namna ya kuzitoa.

Mfereji ni hatari ya namna nyingine. Pakiti moja haizuii maji, lakini pakiti ishirini na sashe kumi zinaziba kalavati. Maji yanapanda, yanatandaa njiani, na pale kwenye vidimbwi vya udongo ndipo mbu wa malaria anapopenda kutaga. Pakiti iliyofunguka mdomo nayo inashika maji ya mvua. Humo anazaa mbu mwingine, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, na ambaye anaweza kuleta homa ya manjano na chikungunya. Wale wanaosema kwamba mvua inaosha takataka na kazi imekwisha, wajiulize inazipeleka wapi. Maji yanayoshuka Sake yanaingia katika ziwa Kivu, na ziwa linatoka kwa mto Ruzizi. Pale Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi, wafanyakazi wamekuwa wakivua takataka za plastiki mbele ya mashine za umeme, kwa sababu zinaziba na kuharibu turbini. Takataka iliyotupwa Sake inaweza kumzimia taa mtu wa Goma. Na ninyi wa Walikale msicheke, maji ya Oso na ya Lowa yanafika Lualaba, na njiani kuna watu wanaokunywa.

Linabaki shimo, ao jalala. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu mtu wa mgodi anaelewa jambo hili kuliko mtu wa mji.

Wewe unajua kwamba mawe na udongo tunaotoa havirundikwi ovyo. Ukirundika bila ngazi, bila mfereji wa kutoa maji, siku moja mvua itaingia ndani, rundo litakuwa zito, litateleza. Sasa fikiri rundo la takataka za mji mzima, lenye vitu laini, lenye maji na hewa ya kuoza ndani yake, halafu watu wamejenga nyumba chini yake. Tarehe 11 Machi 2017, kule Addis Ababa katika Ethiopia, jalala linaloitwa Koshe liliporomoka likafukia nyumba, na zaidi ya watu 110 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2024, karibu na Kampala katika Uganda, jalala la Kiteezi, ambalo mji ulikuwa ukimwaga takataka humo tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa. Zaidi ya watu 30 walikufa, na watoto walikuwamo. Tunapolia kwa ajili ya ndugu waliofunikwa na udongo kwenye vilima vya Masisi, tujue kwamba na takataka zinafunika watu.

Jalala linaua pia polepole. Nairobi ina jalala la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na magari yakaendelea kumwaga. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na mazingira lilitoa habari ya watoto 328 waliopimwa damu pale karibu. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi. Siongei juu ya risasi ya bunduki, ninaongea juu ya ile metali nzito ya betri. Inadhuru akili ya mtoto, na hakuna dawa ya kumrudishia yote aliyopoteza. Risasi ile haikutoka kwa pakiti za maziwa. Lakini kila kitu kisicho na ubaya kinachotupwa pale kinalikuza rundo, kinaongeza moto na moshi wake, na kinamleta mtoto maskini kuja kuchokora kati ya vile vyenye ubaya.

Masomo ya mji yanaingiaje katika habari hii? Yanaingia kwa hesabu. Tuseme masomo moja yana watoto 600, na kila mtoto anakunywa pakiti moja ya desilita 2 kwa siku. Kwa siku tano za juma, hizo ni pakiti 3000. Ukizitupa bila kuzikunja, zinajaza mapipa matatu ya litro 200, na zaidi. Nyingi ya nafasi hiyo ni hewa tu. Hakuna nyumba inayotoa pakiti nyingi za namna moja, mahali pamoja, saa moja, kama masomo. Ndiyo sababu watu waliotaka kupunguza majalala katika nchi nyingi walianzia masomoni.

Katika Afrika yetu Kenya ilikuwa na mfano mkubwa. Mwaka 1979 rais Daniel arap Moi aliagiza watoto wa masomo ya msingi wapewe maziwa bure. Waliyaita Maziwa ya Nyayo. Yalikuja kwa pakiti ndogo za pembe tatu, na wazee wengi wa Kenya bado wanaongea juu ya pakiti ile kwa furaha. Mpango ule ulififia katika miaka ya 1990. Kwa afya ya watoto ulikuwa mpango mwema sana. Ila mtu akiwaza kunywesha mamilioni ya watoto, inafaa awaze siku ileile njia ya kile kinachobaki mkononi mwao.

Walioifanya kazi hiyo kwa subira ni Wajapani. Mwaka 1984, katika mji wa Ōtsuki, wilaya ya Yamanashi, kikundi cha mama kilianza kukusanya pakiti za maziwa. Hawakuwa na mashine. Waliona tu kwamba karatasi ya pakiti ni nzuri, tena imara, na kuitupa ni hasara. Wakawatafuta wenye viwanda vya karatasi, na desturi ile ikaenea nchi nzima, ikaingia masomoni. Mtoto akimaliza maziwa ya mchana, anaisuuza pakiti ndani ya ndoo, anaifungua iwe bapa, anaianika. Ni maneno matatu tu: suuza, fungua, anika. Huko wanahesabu kwamba pakiti 6 za litro 1 zinatosha kutoa rola moja ya karatasi ya choo. Ni kweli kwamba pakiti zao nyingi hazina alumini, kwa hiyo kazi ya kiwanda ni rahisi kidogo.

Na kiwanda kinafanya nini? Hapa mtu wa kasiteriti ataelewa bila mwalimu. Ninyi mnachukua mchanga wenye madini, mnautia katika mfereji wenye maji, mnakoroga. Mchanga ni mwepesi, unachukuliwa na maji. Kasiteriti ni nzito, inabaki. Kiwanda cha karatasi kinafanya jambo linalofanana na hilo. Pakiti zinatiwa ndani ya pipa kubwa lenye maji na panga linalozunguka. Karatasi inalowa, inavunjika kuwa nyuzi ndogo kama uji, inapita katika chujio pamoja na maji. Plastiki na alumini havilowi, vinabaki juu ya chujio. Uji unakaushwa, unakuwa karatasi ya choo, karatasi ya mikono, ao maboksi. Mabaki ya plastiki na alumini yanakandamizwa kwa moto, yanakuwa mbao na hata manjanja ya kuezekea nyumba. Katika Thailand tangu 2010 wamekusanya pakiti tupu na kutengeneza manjanja ya namna hiyo kwa ajili ya watu waliopatwa na maafa.

Angalieni basi ni kitu gani kinachoharibu kazi hiyo. Ni uchafu. Madini yaliyochanganyika na mchanga bei yake inashuka, mnajua. Pakiti yenye maziwa yaliyooza ndani, iliyochanganywa na majivu na maganda ya ndizi, hakuna kiwanda kinachoitaka. Kutenga kunafanywa mkononi mwa mtoto, dakika ile anapomaliza kunywa, ao hakufanywi kamwe.

Ninasikia mtu akiuliza: "Munganga, kiwanda hicho kiko wapi hapa kwetu?" Ni ulizo la haki. Masisi hakuna, Walikale hakuna. Kamyo inayotoka Masisi kwenda Goma inabeba maharagwe na viazi mpaka juu, na ndege ya Walikale inapima kila kilo. Pakiti tupu ya litro 1 ina gramu 30 hivi. Nani atalipa safari ya kitu chepesi namna hiyo? Na kuzipeleka Goma bila kujua zinamwendea nani ni kuhamisha takataka tu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, hata shimo la choo linachimbwa kwa shida, basi wasiongezewe mzigo wetu. Sheria nayo ipo: dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungio vya plastiki katika nchi yetu. Kila mtu anayeenda sokoni anaona sashe ngapi bado zinaruka na upepo. Sheria bila mtu wa kupokea kilichokatazwa haifiki mbali.

Tazameni chupa ya Primus. Mmeiona lini imetupwa porini ikiwa nzima? Haitupwi, kwa sababu bila chupa tupu hupewi chupa jaa kwa bei ileile. Mtoto akiiokota, anakimbia nayo dukani. Tazameni tena bidoni ya maziwa: inashuka Masisi imejaa, inapanda tupu, kesho inashuka tena. Kwa maoni yangu kile chenye mtu anayekingojea kinarudi chenyewe, bila hotuba na bila salongo. Kwa hiyo kwa nyumba zilizo karibu na ng'ombe ninashauri maziwa ya bidoni, yachemshwe vizuri mpaka yapande, kuliko ya pakiti. Ni rahisi zaidi, na hayaachi kitu cha kufukia. Pakiti ikae kwa wale wasio na njia nyingine.

Lakini kwa pakiti zilizokwisha kufika, iko kazi inayowezekana katika masomo ya kambi, na haiombi pesa. Kila darasa liwe na ndoo moja ya kusuuzia. Si maji ya kunywa, maana maji yetu yanachotwa mbali. Maji ya mwisho ya kuoshea vyombo yanatosha, kama hayana mafuta mengi. Mtoto anatia maji kidogo, anatikisa, anamwaga. Maji hayo yenye maziwa yamwagwe shambani, siyo mlangoni, maana yanaita nzi, na nzi anatoka chooni anakuja kwenye sahani na kuhara kunafuata. Mtoto anafungua pembe, anakandamiza pakiti iwe bapa, anaitundika kwenye kamba chini ya dari. Kisha mikono kwa sabuni. Ikikauka inaingia guniani. Pakiti 3000 tulizohesabu, ambazo zilijaza mapipa matatu, zikiwa bapa zinaingia katika magunia machache, ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuyabeba moja moja.

Nyingine ziende bustanini. Pakiti ya litro 1 ni chungu kizuri cha mche. Kata sehemu ya juu, toboa chini matundu manne ili maji yasisimame, jaza udongo mweusi wenye samadi. Kahawa, avoka, hata mti wa mbao unaota vema humo. Siku ya kupanda, ipasue pakiti uitoe, usipande mche pamoja nayo, sababu mizizi itazunguka ndani kama mfungwa. Pakiti iliyopasuka inarudi guniani.

Sasa onyo, na hili ninaomba mlisome mara mbili. Pakiti ya maziwa isigeuzwe kuwa chombo cha kutunzia kitu kingine cha majimaji. Ndani yake haifikiwi na mkono, haisuguliki, kwa hiyo maziwa ya mtoto yakitiwa humo mara ya pili yanaharibika upesi. Na lililo baya zaidi: baba asitie humo mafuta ya taa, mazutu, maji ya betri, ao dawa ya panya. Mtoto hajui kusoma sura ya baba, anajua kusoma picha ya ng'ombe. Akiona ng'ombe, anajua ni maziwa, na atakunywa. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa ao maji ya betri, msimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Mafuta yakirudi juu yanaingia mapafuni, na maji ya betri yanaunguza koo mara ya pili. Msimpe dawa ya kienyeji. Mleteni dispanseri mbio, pamoja na ile pakiti yenyewe, ili tujue alikunywa nini.

Kuhusu magunia ya masomo, walimu wasiyapakie kwenye kamyo mpaka kwanza mnunuzi amepatikana na amesema anataka kiasi gani na zikiwa namna gani. Wakati wa kungoja, yakae juu ya mbao, yasiguse udongo, mbali na jiko na mbali na mafuta ya jenereta. Panya wakianza kuonekana pale, ni alama kwamba kuna darasa lisilosuuza vizuri, na si kazi ngumu kulijua ni lipi: fungua gunia la kila darasa, unuse.